Nimetunga nyimbo za Kisukuma, mzee wa kanisa anasema ni sauti ya Bagalu

Shikamoo Mwalimu. Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni mama wa miaka 41, mkulima, naishi wilaya ya Kwimba. Nimeimba kwaya tangu usichana wangu, sauti ya pili. Muziki sijausomea. Sol-fa, ile ya kusoma sauti kwa do-re-mi, nilifundishwa kidogo zamani, nimesahau.

Msimu wa kupalilia pamba wa mwaka juzi wimbo ulinijia shambani. Tulikuwa akina mama wanne, huwa tunasaidiana mashamba yetu kwa zamu, na unajua kwetu usukumani jembe haliendi kimya. Nikajikuta naimba maneno ya Zaburi ya 121, ile ya kuinua macho kuitazama milima, lakini kwa Kisukuma na kwa mwendo wa jembe. Wenzangu wakaitikia. Shamba tulilimaliza kwa wimbo huo huo. Wiki ile ile tukauimba kwenye maombi ya akina mama. Kuna bibi mmoja pale kwetu ambaye nyimbo za kitabu zikiimbwa huwa hafungui mdomo, anakaa tu na fimbo yake. Siku hiyo alisimama, akanipokea wimbo katikati, akaongeza maneno yake mwenyewe ya kumshukuru Mungu kwa wajukuu aliowalea baada ya wazazi wao kufariki. Wengi tulilia.

Tangu hapo nimetunga nyingine, na wenzangu nao wameanza kutunga.

Shida ilikuja sikukuu ya mavuno. Mchungaji alituruhusu tuimbe wimbo mmoja ibadani. Watu walisimama, mabega yakacheza, vigelegele vikapigwa. Baada ya ibada mzee mmoja wa kanisa, mtu ninayemheshimu sana, alisema mbele ya watu kuwa ile ni sauti ya Bagalu, kile chama cha ngoma. Alieleza kuwa baba yake alikuwa mchezaji wa ngoma, alikuwa na dawa za kuvuta watazamaji, na siku alipobatizwa alizichoma zote. Akasema, "Hatuwezi kurudisha madhabahuni kitu ambacho baba yangu alikichoma." Nilirudi nyumbani sina nguvu.

Mwalimu wetu wa kwaya, ambaye ni kijana, yeye anaupenda wimbo lakini anataka niutafsiri kwa Kiswahili twende studio Mwanza tukarekodi na video. Anasema Kisukuma hakina soko. Tumejaribu kutafsiri, maneno hayakai, inabidi silabi nyingine tuzivute na nyingine tuzimeze. Halafu kuna wageni. Muuguzi wa zahanati yetu anatoka Kagera, na mwalimu wa shule ya msingi anatoka Kilimanjaro. Muuguzi aliniambia kwa upole kabisa, "Dada, siku ile nilijiona mgeni kwenye kanisa langu." Mwingine amesema tunaleta ukabila. Na binti yangu wa miaka 14 anaona aibu nikiimba Kisukuma mbele ya wenzake.

Mchungaji amesema tutulie mpaka kamati ikae. Baadhi ya akina mama wananishawishi tuhamie kanisa jingine wanakoimba kwa uhuru. Na wakati tunasubiri, mtu alishaurekodi ule wimbo kwa simu, unazunguka WhatsApp, unaitwa wimbo wa kwaya, jina langu halipo.

Mwalimu, nimekosea? Niache kutunga? Nitafsiri? Nihame?

Mtunzi wa shambani, Kwimba

*

Marahaba, mwanangu. Asifiwe sana.

Usiache kutunga. Nalisema hili kwanza ili yanayofuata usiyasome kwa hofu. Bibi ambaye kwa miaka alikaa kimya ibadani alipata mdomo wa kumshukuru Mungu, tena kwa maneno yake mwenyewe na kwa habari ya wajukuu wake mwenyewe. Kanisa lenye mtu wa namna hiyo lina sababu ya kufurahi. Siku ya Pentekoste watu waliuliza, "Imekuwaje basi sisi kusikia kila mtu lugha yetu tuliyozaliwa nayo?" Bibi yenu alisikia hivyo, na zaidi ya kusikia alijibu.

Sasa tuanze na yule mzee, kwa sababu neno lake ndilo zito kuliko yote uliyoandika, na naona wengi mtataka kulipita haraka mkimwita mtu wa kizamani. Msifanye hivyo. Anachokikumbuka ni kweli. Bagika na Bagalu ni vyama vya ngoma vilivyogawana usukumani kwa vizazi vingi, na mashindano yao hayakuwa ya kuimba tu. Kila upande ulitafuta kuvuta watazamaji waache upande wa pili, na dawa zilikuwa sehemu ya mashindano hayo. Baningi, yaani watunzi na waimbishaji wa ngoma, walitunga nyimbo za kuwakejeli wapinzani kwa majina. Mtu aliyetoka humo akabatizwa aliacha mambo mengi kwa siku moja: marafiki, sifa, na hata ulinzi aliouamini. Mtoto aliyemwona baba yake akichoma vitu vile hawezi kuisikia sauti hiyo jinsi unavyoisikia wewe uliyezaliwa baadaye.

Mtume Paulo alikutana na jambo la aina hii Korintho, juu ya nyama iliyotolewa kwa sanamu. Soma 1 Wakorintho 8 yote, polepole. Anakubali kwamba nyama ni nyama na sanamu si kitu. Lakini anajua wako ndugu ambao wameizoea sanamu, wakila nyama ile dhamiri yao inaumia, na hataki ndugu hao waangamie kwa ajili ya ujuzi wa wengine. Mzee wako ni ndugu wa aina hiyo. Ana haki ya kusikilizwa kabla ya mtu yeyote mwingine kwenye jambo hili.

Kumsikiliza, hata hivyo, hakumaanishi kwamba kila sauti ya Kisukuma ni ya Bagalu. Kuna nyimbo za jembe, kuna za kubembeleza watoto, za kutwanga, za harusi, za kuwinda, za kuomboleza. Wewe umeeleza kwamba wimbo wako ulitoka kwenye kupalilia. Sauti za kulimia na za mchezo huko kwetu zimeazimana sana, kwani vikundi vya kulima ndivyo hivyo hivyo vilivyocheza baada ya mavuno. Bugobogobo, ngoma yetu maarufu, yenyewe ni ya jembe. Kwa hiyo inawezekana mzee amesikia wimbo fulani anaoujua kwa jina, na inawezekana amesikia mtindo tu. Hayo mawili yanahitaji majibu tofauti, na ni yeye peke yake awezaye kukuambia ni lipi.

Nenda nyumbani kwake. Usiende na kundi. Nenda na yule bibi kama ana nguvu za kutembea, kwa sababu ni wa rika lake au amemzidi, na atakumbuka aliyoyasahau. Mwimbie wimbo bila maneno, kwa mdomo uliofumbwa, kisha muulize, "Baba, hapa unasikia nini?" Akikutajia wimbo fulani wa mchezo, na bibi akaukumbuka pamoja na maneno yake, basi badilisha sauti. Sisemi sauti ile ni najisi. Nasema watu wazima wa kanisa lenu hawataweza kuomba huku maneno ya zamani yakiwaimbia kichwani. Kama ni kipande kimoja tu kinachomsumbua, badilisha kipande hicho. Muulize hata yeye angekipeleka wapi. Na kama hatataja wimbo wowote ila atasema tu "inafanana", mweleze kwa heshima kwamba inafanana kwa sababu ni ya kwetu. Hata Wimbo wa Taifa wa Kenya, ambao ni sala kwa Mungu tangu mstari wake wa kwanza, sauti yake ilitoka kwenye wimbo wa Wapokomo wa Mto Tana wa kubembelezea mtoto, na tangu mwaka 1963 taifa zima linasimama kuuimba.

Wapo pia waliokwenda mbali kuliko ninyi, tena hapo hapo jirani. Bujora, karibu na Kisesa, Padre David Clement, Mkanada wa Wamisionari wa Afrika, alianza miaka ya 1950 kuzipa ngoma na nyimbo za Kisukuma nafasi katika maisha ya kanisa, na sikukuu ya Bulabo inayoambatana na sikukuu ya Ekaristi Takatifu bado hukusanya vikundi vya ngoma kila mwaka, Bagika na Bagalu wakiwemo. Alianza kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, kutoa hati yake ya liturujia, yaani taratibu za ibada, mwezi Desemba 1963, hati iliyotaka muziki wa asili wa watu katika nchi za misheni uthaminiwe na upewe nafasi ibadani. Ninyi si Wakatoliki, na hamlazimiki kukubali kila kinachofanyika Bujora. Mimi mwenyewe nisingeingiza mashindano ndani ya ibada. Lakini mzee wako asidhani kwamba jambo hili limezuka Kwimba mwaka huu kwa utundu wa akina mama wachache.

Sasa kuhusu kutafsiri. Hapa nazungumza kama mtu aliyefundisha kwaya maisha yake yote, na nitakaa kidogo.

Kisukuma ni lugha ya toni. Silabi ina mahali pake pa juu na pa chini, ukiipandisha isipopanda neno linaweza kubadilika, au likasikika kama linasemwa na mtu asiyejua lugha. Kiswahili hakiko hivyo. Chenyewe kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho na basi. Ndiyo maana maneno yenu hayakai. Wimbo wako ulizaliwa kutoka kwenye kupanda na kushuka kwa maneno ya Kisukuma. Ukiyaondoa maneno ukaweka mengine, sauti inabaki haina cha kushika. Na ndiyo sababu pia, kwa sehemu, bibi hafungui mdomo nyimbo za kitabu zikiimbwa. Nyingi ya hizo zilitungwa Ujerumani, Uingereza au Marekani, zina beti nne au tano zinazolazimika kufuata sauti moja isiyobadilika. Kwa lugha ya toni, ubeti wa kwanza ukikubaliana na sauti, wa pili utagombana nayo.

Namna ya kwetu, ya mwimbishaji na waitikiaji, imeshalitatua tatizo hilo. Kiitikio ni kifupi, hakibadiliki, watu wanakijua. Mwimbishaji ndiye anayebeba maneno mapya, na kila mstari anaupinda mwenyewe kufuata lugha. Bibi alipoongeza habari ya wajukuu wake hakuimba sauti yako nukta kwa nukta. Nina hakika aliigeuza kidogo hapa na pale, na hakuna aliyeona amekosea. Kwa hiyo mwambie mwalimu wa kwaya, kwa upendo, kwamba wimbo huu hautafsiriwi. Akitaka wimbo wa Kiswahili wa Zaburi ya 121, mtunge mwingine, mkianzia kwenye maneno ya Kiswahili yenyewe. Wewe una kipaji, utaweza. Na katika huu wa Kisukuma azime kinanda, angalau mwanzoni. Kinanda kina sauti zake zilizopimwa kiwandani, nacho kitawavuta akina mama polepole waache zile sauti zilizoko katikati ya vibonyezo, ambazo ndizo bibi anazozijua. Makofi na ngoma moja vinatosha.

Anaposema Kisukuma hakina soko, mkumbusheni kwamba wimbo wa ibada hautafuti soko. Ntsikana, Mkhosa wa Afrika Kusini aliyefariki mwaka 1821, alimtungia Mungu nyimbo kwa lugha yake na kwa namna ya sifa za kwao. Hakukuwa na studio. Wafuasi wake walizishika kichwani, baadaye zikaandikwa, na utenzi wake mkuu unaimbwa hadi leo. Wimbo unaoimbwa shambani, kwenye maombi na kwenye misiba unadumu.

Nije kwa muuguzi. Neno lake limenigusa na sitaki ulipite. Makanisa ya nchi yetu yalichagua Kiswahili kwa makusudi, ili Msukuma, Mchaga na Mhaya waweze kukaa benchi moja na kuomba kwa kinywa kimoja, na ni baraka ambayo nchi nyingi hazina. Paulo tena, katika 1 Wakorintho 14, anauliza mtu asiyeelewa ataitikiaje Amina. Swali hilo linakuhusu wewe kama lilivyowahusu Wakorintho. Wala usimjibu muuguzi kwa kumwambia ajifunze Kisukuma.

Mpe kiitikio. Kabla ya kuimba, mtu mmoja asimame aseme kwa Kiswahili, kwa sentensi mbili tatu, wimbo unasema nini na kiitikio maana yake ni nini. Kiitikio kiwe na maneno matatu au manne, si zaidi, na mkirudie naye mara mbili kabla ya kuanza. Kikiwa na Haleluya au Amina ndani yake, vizuri zaidi, kwa sababu hayo ni ya wote. Mgeni atamwachia mwimbishaji maneno mazito, yeye ataitikia kwa moyo wote akijua anaitikia nini. Kisha mwombe na yeye alete wimbo wa kwao. Kagera ina hazina. Bernard Kyamanywa, mchungaji wa Kilutheri kutoka huko, miaka ya 1960 alipokuwa mwanafunzi wa theolojia Makumira aliandika maneno ya Pasaka ya "Mfurahini, Haleluya" juu ya sauti ya Kihaya. Howard Olson, mmisionari Mmarekani aliyekuwa akifundisha hapo, alizikusanya nyimbo za namna hiyo, na huo wa Kyamanywa leo umo katika vitabu vya nyimbo vya makanisa ya Ulaya na Marekani. Pengine muuguzi wenu ameuimba tangu utoto. Utaona pia kwamba Kyamanywa alitumia sauti ya Kihaya na maneno ya Kiswahili, hivyo njia anayoitaka kijana wenu wa kwaya nayo ni njia halali. Haifai tu kwa wimbo ambao tayari una maneno yake.

Neno "ukabila" litaisha lenyewe kama hamtadai Kisukuma kitawale ibada. Ombeni kamati mambo madogo: wimbo mmoja katika ibada ya Jumapili, uhuru kamili kwenye maombi ya akina mama na ibada za nyumbani, na sikukuu ya mavuno. Misibani msisubiri ruhusa ya mtu. Mfiwa aliyemzika mtoto wake ana haki ya kufarijiwa kwa lugha aliyomlelea. Na mpelekeeni mchungaji maneno ya kila wimbo mpya, yameandikwa kwa Kisukuma na maelezo ya Kiswahili chini yake, ayapime kwa Maandiko. Mchungaji anayeyaona maneno mapema hana sababu ya kuogopa, na wakati mwingine atakuokoa usimwite Mungu kwa sifa ambayo wazee waliitumia kwa mtemi au kwa mizimu.

Binti yako ana miaka 14, na umri huo huona aibu kwa mengi ya wazazi. Usimlazimishe kuimba. Mpe kazi ya kuandika: akae na bibi, bibi aseme, yeye aandike maneno kwenye daftari na kuuliza asiyoyaelewa. Daftari hilo mtalihitaji hata hivyo.

Juu ya jina lako: andika maneno ya kila wimbo, tarehe uliyoutunga, na mashahidi waliokuwepo, wakiwemo wale wenzako wa shambani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi, na kama kwaya itaamua kurekodi, makubaliano yaandikwe kabla ya kwenda Mwanza, si baada. Maneno ya bibi nayo yatajwe kuwa ni yake. Kuhusu yule aliyeusambaza kwa simu, ningemwacha. Mwombe tu aongeze jina.

Usihame. Ukihama na kundi lako, bibi atarudi kukaa kimya, maana hawezi kutembea mpaka huko, na mzee atabaki akiamini kwamba alikuwa sahihi bila mtu kumuuliza alichosikia. Kamati haijakaa bado. Nenda kwake wiki hii, kabla haijakaa.